Tope la Kijito ni Shamba la Mtu

Mji wa Goma umejengwa juu ya mawe yaliyotapikwa na mlima Nyiragongo. Mvua inyeshapo, maji huzama upesi kati ya mawe, wala hayafanyi vijito. Kwa hiyo wengi huteka maji ziwani Kivu. Lakini tupitapo Sake na kupanda milima ya Masisi, twakuta kijito karibu kila bonde, nacho baada ya mvua hujaa tope.

Tope hilo latoka wapi? Latoka mashambani. Watu hulima mpaka ukingoni kabisa, na ng'ombe huacha mavi papo hapo wanaponywa. Hivyo mkulima wa juu hupoteza rutuba, na mama wa chini huteka uchafu. Tena si uchafu tu. Mwezi wa Mei 2023, huko Kalehe, magharibi ya ziwa, mvua kubwa ilishukia milima iliyokwisha kuvuliwa miti mingi. Mafuriko yakazoa Bushushu na Nyamukubi, wakafa watu zaidi ya 400.

Dawa yajulikana. Mitaro ichimbwe kukingama mlima, na matete yapandwe kandokando yake. Ukingo wa kijito usilimwe, bali uachiwe majani na mianzi. Ng'ombe wanyweshwe mahali pamoja palipotengwa.

Wazee wakumbuka kwamba zamani za Wabelgiji mitaro ilichimbwa kwa amri. Basi baada ya 1960 wengi waliiacha, maana kazi ya kiboko haipendwi. Leo mkulima aonyeshwe faida: mtaro hula mistari ya maharage, ni kweli, lakini matete hulisha mbuzi, na miti hutoa vijiti vya kupandishia maharage.

Iko shida moja. Aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hapandi mti. Pengine mwenye shamba mwenyewe humkataza, akihofu kwamba apandaye mti ataidai ardhi. Hapo twamwambia mwenye shamba: anza wewe. Patana naye mbele ya mashahidi, umpe miaka kadhaa, umpunguzie kodi, naye achimbe mitaro.

Nanyi wanafunzi, baada ya mvua tekeni maji ya kijito katika chupa, mwache yatulie. Tope litakalokaa chini, mwonyesheni baba: ndilo shamba lake. Maji yale msiyanywe bila kuchemsha, kwa kuwa mtaro huzuia udongo, hauui kipindupindu.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.