Hesabu ya Mwezi na Siku ya Kujifungua



Mwanamke wa Kiislamu huhifadhi hesabu ambayo wengi wetu hatuijui thamani yake. Kwa ajili ya sala, na kwa ajili ya deni la saumu atakalolilipa baada ya Ramadhani, huijua siku hedhi yake ilipoanza. Siku hiyo ndiyo mkunga huiuliza kwanza, kwani mimba hukadiriwa siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho.

Wafuatao mwaka wa jua wana kanuni iliyopewa jina la Franz Naegele, tabibu Mjerumani aliyefariki mwaka 1851: ongeza siku saba, kisha rudi nyuma miezi mitatu. Aliyeanza hedhi tarehe 10 Julai hutarajia kujifungua karibu na tarehe 17 Aprili ya mwaka ufuatao.

Lakini wengine huhesabu kwa mwezi mwandamo, na hapo ndipo kosa huingia. Husema mimba ni miezi tisa, nayo miezi tisa ya mwandamo ni siku 266 hivi tu. Zimepungua siku 14. Basi aliyeanza hedhi mwezi mosi Rajabu asimtazamie mtoto mwezi mosi Mfungo Saba, bali kiasi cha mwezi 15. Nyumba isiyolijua jambo hili hudhani mtoto amechelewa, ikafadhaika, na pengine ikamnywesha mama dawa za miti ili kuuhimiza uchungu. Dawa hizo zaweza kumdhuru yeye na mtoto, hali wakati wenyewe haujawadia.

Kwa ndugu zetu wa milima ya Uluguru jambo hili lina uzito zaidi. Mja mzito wa Kinole au Matombo ambaye siku zake hutimia Aprili hukutwa na masika: njia za mteremko huteleza, mito hujaa, na hospitali ya mkoa iko Morogoro mjini. Mume, mama na mjomba wakiijua tarehe mapema, wataweka akiba ya nauli na kumteremsha mjini kabla ya uchungu kumshika.

Hata hivyo makadirio si ahadi. Ni wachache wazaao siku ile ile. Wengi huzaa kati ya wiki ya 37 na ya 42. Na ambaye hedhi yake haina mpango, au aliyeshika mimba akinyonyesha, apimwe kwa picha ya mawimbi ya sauti kabla ya wiki ya 24, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoshauri mwaka 2016.

Huenda mtu akauliza: je, huku si kupekua ghaibu? La. Aya ya mwisho ya Sura ya Luqman yatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ndiye ateremshaye mvua na ajuaye yaliyomo matumboni. Mkulima wa Uluguru huiamini aya hiyo, na bado hulitayarisha shamba lake kabla ya masika. Nasi tumtayarishie mama njia yake. Wallahu aalam.