Mshauri Atafute Wapi Maarifa?

Leo tutajifunza jinsi mshauri wa walevi anavyotafuta maarifa katika intaneti.

Mtu amekuja kwako. Anasema, "Ndugu, pombe imenishinda." Utamjibu nini? Usibahatishe. Shirika la Afya Duniani limetoa karatasi ya maswali iitwayo AUDIT. Karatasi hiyo hupatikana bure. Maswali yake ni 10, na kila jibu lina alama, tangu 0 mpaka 4. Jumla ikifika 8 au zaidi, unywaji wake ni wa hatari.

Zipo pia kurasa za uongo. Kabla ya kuamini ukurasa wo wote, uliza mambo matatu. Nani ameuandika? Mwaka gani? Je, anauza dawa? Mwenye kuuza dawa haisemi vibaya dawa yake.

Sasa sikilizeni sana. Mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu, akiacha ghafula, aweza kutetemeka, kuanguka kifafa, hata kufa. Basi usimwambie, "Acha leo hii." Mpeleke kwanza hospitali, aache chini ya uangalizi wa mganga.

Zoezi: Andika yale mambo matatu bila kutazama kitabu. Kwaherini.