Ukungu wa Mlima na Ukungu wa Jani

Wazee waliotuachia lugha hii waliyaita mambo mawili kwa jina moja: ukungu ni mvuke mweupe unaoifunika milima ya Upare alfajiri, na ukungu vilevile ni kuvu inayoota juu ya chakula kilicholala na juu ya majani ya mimea. Elimu ya maradhi ya mimea yatuthibitishia kwamba undugu wa majina hayo si wa bure, kwa kuwa ukungu wa kwanza, aghalabu, ndio mlezi wa ukungu wa pili.

Mtu asimamapo katika mji wa Same, chini ya milima hiyo, huona nchi kavu yenye vumbi na mikonge. Walakini akipanda hata Chome, na kutoka hapo akaelekea kilele cha Shengena, kilicho na urefu wa mita 2,463, hukuta misitu inayochuruzika maji. Sababu ni kwamba pepo zitokazo Bahari ya Hindi huupiga ubavu wa mashariki, hupanda, hupoa na kuliacha huko fungu kubwa la maji yake, hata zikishukia upande wa Same huwa zimekwisha kukauka. Fauka ya hayo, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 za sentigredi kwa kila mita 1,000 apandazo mtu, na kwa hiyo wilaya moja ina majira mengi, na kila majira yana maradhi yake.

Tutazame kutu ya majani ya mibuni, maradhi yaliyoelezwa na wataalamu mwaka 1869 kutoka Seilani, ambayo leo ni Sri Lanka, na ambayo yaliiangamiza kahawa ya kisiwa kile hata wakulima wake wakageukia chai. Chembe yake, iliyo ndogo kuliko punje ya vumbi, ikiangukia jani kavu haina nguvu. Sharti ipate tone la maji, giza la usiku, na joto la wastani, hasa nyuzi 21 hadi 25, ndipo ichipue na kupenya katika vitundu ambavyo jani huvutia pumzi upande wake wa chini. Tone likikauka kabla haijapenya, chembe iliyokwisha kuchipua hufa. Bali likidumu, baada ya majuma kadhaa hutokea unga wa rangi ya chungwa, nao huchukuliwa na upepo, na matone ya mvua, na nguo za wapitao. Ndiyo maana hesabu ya mvua peke yake haitoshi: mvua kubwa ya saa moja ifuatwayo na jua kali yaweza kuwa na madhara machache kuliko manyunyu ya usiku kucha, kwani lililo muhimu ni muda ambao jani limebaki maji.

Kanuni hiyo yatawala pia ngano ya Hanang na ya Kilimanjaro Magharibi, ambako kutu ya manjano hupenda baridi ya nyuzi 10 hadi 15, ilhali kutu ya shina hutaka joto zaidi. Aina ya kutu ya shina iitwayo Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, ilifika Kenya na Uhabeshi, na kufikia mwaka 2006 ilikuwa imekwisha kuvuka Bahari ya Shamu hata Yemeni. Illa ubwiri unga, ile kuvu nyeupe kama unga, ni kinyume cha hizi: hauhitaji tone la maji juu ya jani, na mvua kubwa huuosha.

Ama zamani, ubaridi wa milimani ulikuwa boma la mbuni, kwa sababu kutu hukomaa polepole penye baridi. Usiku ukizidi kuwa na joto, vizazi vya kuvu huongezeka katika msimu mmoja, na boma hupanda juu. Amerika ya Kati iliyaonja mambo hayo mwaka 2012, kutu ilipoenea katika mashamba yake kwa kiasi cha kutisha.

Basi tadbiri ya mkulima ni kulipunguzia jani saa za unyevu. Apogoe mibuni na kupunguza kivuli kilichozidi, ili jua la asubuhi liingie. Asipande maharage kwa msongamano, wala asipite kati yake yakiwa na umande. Maji ya ndiva (bwawa la kienyeji), ambayo Wapare huyakusanya usiku na kuyafungulia mifereji asubuhi, yana fadhila kubwa, kwani hunywesha mizizi bila kulowesha majani. Dawa za shaba, jamaa za mrututu, ni kinga na si tiba. Zipulizwe mapema, na upande wa chini wa jani usisahauliwe. Tena zipo aina za mibuni zistahimilizo kutu na chule buni (maradhi ya tunda la mbuni), zilizotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, iliyoko Lyamungu.

Nawe mkulima wa Mbaga, Suji au Chome, uamkapo kesho shika jani la mbuni kwa mkono wako, uangalie ni saa ngapi linapokauka, kisha uiandike saa hiyo kila siku msimu mzima. Daftari hilo litakuonya kabla unga wa chungwa haujaonekana.