Pigano Kama Simulizi: Namna ya Kuhakiki Filamu za Ngumi

Uhakiki wa filamu, yaani kazi ya kuichambua filamu na kuitolea hukumu yenye sababu, umezoea kuanzia kwenye hadithi na mazungumzo, na kwa hiyo filamu za ngumi, ambazo visa vyake mara nyingi havizidi habari ya kisasi, zimehesabiwa kuwa burudani ya vijana isiyostahili kuandikwa kwa makini. Hukumu hiyo si ya haki, kwa kuwa katika filamu hizo pigano ndilo linalosimulia, na mhakiki anayelipita haraka huwa hajaigusa filamu yenyewe.

Ushahidi mzuri umo katika The Way of the Dragon ya mwaka 1972, ambayo Bruce Lee aliiandika, akaiongoza na kuwa stelingi wake. Tang Lung, kijana anayetoka Hong Kong kwenda Roma kuwasaidia wenye mkahawa wanaoandamwa na genge, anakutana mwishoni na Colt, mpiganaji wa Kimarekani anayeigizwa na Chuck Norris, ndani ya Colosseum, uwanja wa kale wa Warumi. Kabla ya pigo la kwanza kila mmoja ananyoosha viungo upande wake, na anayewatazama ni paka mdogo tu. Mwanzoni Tang Lung anazidiwa na kuangushwa. Kisha anaanza kurukaruka kwa miguu myepesi kama bondia, anageuza mwendo wake, na Colt, asiyebadilisha chochote katika kareti yake, anabaki kupiga hewa. Hapo, bila neno hata moja, imeelezwa falsafa ya Jeet Kune Do, mbinu aliyoiasisi Bruce Lee akifundisha kwamba mpiganaji asiwe mtumwa wa mtindo mmoja. Colt akishavunjwa mkono na mguu bado anakataa kushindwa, na anapouawa, mshindi anamfunika kwa koti lake la kareti na mkanda wake mweusi, heshima ambayo adui wa kawaida wa filamu hizi hapewi.

Mapigano hayo yanasomeka kwa sababu kamera imewekwa mbali kiasi cha kuonyesha mwili mzima, na kwa sababu mhariri, yaani anayeunganisha vipande vya picha, hakukata ovyo. Mtaalamu wa Marekani David Bordwell, aliyeandika kitabu kizima juu ya sinema ya Hong Kong, alionyesha kwamba mapigano ya huko huenda kwa mdundo wa kutulia, kulipuka na kutulia tena, na utulivu huo mfupi ndio unaompa mtazamaji nafasi ya kuliona kila pigo na kulipima uzito. Haikuwa bahati: nyota wa sinema hiyo kama Jackie Chan na Sammo Hung walilelewa tangu utotoni katika shule ya opera ya Peking, sanaa ya jukwaani inayochanganya uimbaji, sarakasi na matumizi ya silaha. Kulikuwa na ufundi wa mitambo pia, kwani kamera iliweza kuendeshwa taratibu kidogo kuliko picha 24 kwa sekunde zilizo za kawaida, ili filamu ikionyeshwa kwa kasi yake ya kawaida mikono ionekane ina wepesi zaidi. Kuijua mbinu hiyo hakupunguzi sifa ya mpiganaji, maana kasi inaweza kukopwa kwenye mtambo, lakini mizani ya mwili haikopeshwi.

Kinyume chake ni kamera inayotikisika na mikato ya haraka mno, ambayo katika The Bourne Ultimatum ya mwaka 2007 ilikuwa na maana, kwa kuwa ilimtia mtazamaji katika taharuki ya mtu anayewindwa, ila kwa waigaji wengi imekuwa pazia la kuficha waigizaji wasiojua kupigana. Atakaye kuona tofauti aitazame Tom-Yum-Goong ya Thailand ya mwaka 2005, ambamo mwigizaji Tony Jaa anapanda ghorofa baada ya ghorofa akipigana kwa takriban dakika nne bila mkato hata mmoja.

Watazamaji wa Afrika Mashariki hawakosi jicho la kuitambua tofauti hiyo. Katika vibanda vya video, ambako watafsiri kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya walijipatia jina kwa kusimulia filamu za kigeni, pigano halikuwahi kuwa nyongeza ya hadithi. Lililobaki ni maarifa hayo kuandikwa.

Na uandishi huo uanze kwa kumtaja mbunifu wa mapigano, anayepanga kila teke na kila anguko. Yuen Woo-ping aliongoza Drunken Master mwaka 1978, kisha akapanga mapigano ya The Matrix mwaka 1999, lakini hapakuwa na tuzo ya Oscar kwa kazi ya namna hiyo. Ni mwaka 2025 tu ndipo waandaaji wa Oscar walipotangaza tuzo ya ubunifu wa matukio ya hatari, itakayoanza na filamu za mwaka 2027. Mhakiki wa Kiswahili hana haja ya kuingoja. Alitaje jina la mbunifu wa mapigano leo, kando ya jina la stelingi.