Nilitupa Mikanda Mizima, Nikataka Kuuza Mbovu: Jua Mkanda wa Gari Kabla Hujauweka Dukani

Leo sina story ya mafanikio. Nina story ya hasara, na hasara yenyewe niliitengeneza kwa mikono yangu.

Mimi nina duka la spea hapa Mkuyuni, Morogoro, kwenye hii barabara ya kutoka Bigwa kupitia Kiroka kwenda Matombo. Nilianza na spea za pikipiki: tyubu, cheni, plagi, kebo za klachi. Nilimaliza form four, chuo sikwenda, mambo ya ufundi nimeyaokota kwa kuuliza na kuharibu. Baadaye nikaona magari yanayobeba abiria na mananasi huku kwetu ni ya zamani, na mikanda yake mingi imekatika au hairudi. Nikasema hapa kuna hela.

Nikaenda Dar, mitaa ya Gerezani, nikachukua mikanda used 14 kwa elfu 15 mmoja. Jumla 210,000. Hesabu yangu ilikuwa kuuza elfu 30. Kichwani nilishatumia faida kabla sijafika Msamvu.

Mafundi wawili wakaja wakachukua mikanda minne. Hawakuvutavuta sana, waliangalia wakalipa wakaondoka. Sikujiuliza kwa nini. Waliofuata walikuwa wenye magari wenyewe. Mtu anauinua mkanda, anaugeuza, anavuta: umegoma. Anachukua mwingine, anavuta: umegoma. "Dogo, mbona unatuuzia mibovu?" Nami nikijaribu naona kweli, umegoma. Nikajua nimepigwa.

Baada ya miezi miwili nikaichoka. Mikanda tisa nikampa mtu wa chuma chakavu kwa kilo, nikapata 6,300. Nikabakiza mmoja tu, ule niliouona mzima. Ule ulikuwa laini, unavuta hivi unakuja, unageuza hivi unakuja. Haukugoma hata siku moja.

Siku moja akaja mama mmoja ana Noah ya kubebea mizigo na watoto wake wa shule. Mkanda wa dereva umekatika. Nikamtolea ule laini. Akavuta, akafurahi, akanipa elfu 30 mkononi. Pembeni alikuwa amekaa fundi mzee anasubiri nimtafutie boliti. Akasema, "Kijana wangu, hebu nipe huo niuone."

Akaushika wima, akavuta taratibu, ukaja. Akaushtua kwa nguvu, ukaja. Akaulaza ubavu, ukaja. Akaupindua chini juu, ukaja. Akaninyooshea kifuniko cha plastiki cha pembeni: kimewahi kubanduliwa na bisibisi, kikabandikwa na gundi. Akasema, "Huyu mtu aliona mkanda unamgomea, akafungua akatoa cha kugomesha. Huu siyo mkanda tena, ni kamba. Mama, rudishiwa hela yako."

Nikamrudishia pale pale. Halafu nikamwambia mzee habari ya ile tisa. Akacheka mpaka akakohoa. "Ile iliyokuwa inagoma ndiyo iliyokuwa mizima, mwanangu."

Hesabu ifanye mwenyewe: 120,000 za wale mafundi kujumlisha 6,300 za chakavu. Nimeingia hasara ya 83,700 kwa sababu sikujua ninachouza. Kama ile tisa ningeiuza kwa bei yangu, ni 270,000. Lakini hela si ndiyo iliyoninyima usingizi. Ni yule mama. Ningemuuzia kamba, na angeondoka ananishukuru.

Sasa tuingie somo lenyewe.

KILE KIBOKSI KINAFANYA NINI?

Mkanda wa gari una utepe, una ulimi, una kifungio cha kuchomeka, na una kiboksi cha chuma kilichofichwa kwenye nguzo ya bodi au pembeni ya kiti. Kazi kubwa ipo kwenye kiboksi.

Ndani yake kuna roli ambayo utepe unajiviringisha. Upande mmoja wa roli kuna springi bapa iliyojisokota kama ya saa ya ukutani. Ukivuta mkanda unaikaza ile springi. Ukiachia, inarudisha utepe ndani. Ndiyo maana ukivaa unaweza kuinama kuwasha redio na mkanda ukakufuata, ukirudi na wenyewe unarudi.

Upande wa pili ndiko kuna ujanja wa kufunga, na ujanja uko wa aina mbili.

Wa kwanza unasikiliza gari. Kuna gololi ya chuma imekaa kwenye kikombe kidogo (vingine vina kipande kinachoning'inia badala ya gololi). Gari likikamata breki ghafla au likigonga, gololi inataka kuendelea mbele, kama abiria aliyesimama kwenye daladala. Inapanda ukingo wa kikombe, inasukuma kidole kidogo juu, kidole kinaingia kwenye meno ya kigurudumu cha plastiki. Kigurudumu kikisimama huku roli bado inazunguka, kile kitofauti kidogo kinasukuma chuma kinene kiingie kwenye meno ya fremu. Hapo roli imekufa, utepe hauendi popote.

Wa pili unasikiliza utepe. Utepe ukivutwa kwa kushtua, roli inazunguka ghafla, na kuna kipande kwenye roli kinachobaki nyuma kidogo, kile kubaki nyuma ndiko kunakofunga. Hii ndiyo ile ukivuta mkanda kwa haraka asubuhi umechelewa, unakugomea. Ukivuta kwa utaratibu unakuja.

KWA NINI ILE TISA ILIGOMA MKONONI?

Hapa ndipo nilipoliwa. Gololi haijui tofauti ya gari kusimama ghafla na kiboksi kulala ubavu. Kiboksi kikiinama, gololi inabingirika ile ile, kidole kinapanda, mkanda unafunga. Kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa ya mikanda, ile namba 16, mkanda wa kawaida wa aina hii usifunge ukiinama nyuzi 12 au pungufu, na lazima uwe umefunga ukizidi nyuzi 27. Mteja anauokota mkanda mezani ukiwa umelala, anavuta, umefunga. Anasema mbovu. Kumbe mkanda unafanya kazi yake.

Ndiyo maana pia gari likisimama kwenye mlima mkali, kama zile njia za kupanda Kinole, mkanda unaweza kukataa kutoka. Usikimbilie kubadilisha. Weka gari sehemu tambarare ujaribu tena.

Na ndiyo maana mikanda haibadilishwi ovyo. Kikombe cha gololi kimewekwa kulingana na ulalo wa nguzo ya gari husika. Mkanda wa kushoto siyo wa kulia, wa mbele siyo wa nyuma, wa Noah siyo wa Corolla. Ukiufunga pasipo pake, ama utagoma muda wote, ama utachelewa kufunga siku ya siku.

JINSI YA KUPIMA KABLA HUJALIPA

Hii iandike uibandike ukutani. Mimi sasa hivi sinunui bila haya:

1. Shika kiboksi kwa mkao kilivyokaa kwenye gari. Kama hujui mkao, kigeuzegeuze polepole huku unavuta taratibu mpaka upate sehemu inayoachia. Hiyo ndiyo wima yake.
2. Vuta taratibu hadi karibu na mwisho. Utoke wote bila kukwama.
3. Achia kwa kuusindikiza. Urudi wenyewe. Ukirudi kwa kusuasua, angalia kwanza uchafu, usilaumu springi.
4. Shtua kwa nguvu. Lazima ufunge.
5. Laza kiboksi ubavu, vuta taratibu. Lazima ufunge. Usipofunga namba 4 au 5, huo usiuze hata kwa ndugu yako. Hasa kwa ndugu yako.
6. Toa utepe wote uutazame pande zote. Uzi uliovutika, ukingo uliokatika, alama ya kuungua au kuyeyuka sehemu inayopita ulimi: huo umechoka au huenda umeshabeba mtu kwenye ajali. Uache.
7. Tazama vifuniko vya pembeni. Vikiwa vimebanduliwa, uache.
8. Chomeka ulimi kwenye kifungio chake, usikie "ta!", vuta kwa nguvu, usichomoke.

Ukigoma wakati unapima, urudishe ndani kidogo ndipo uvute tena. Na ipo mikanda ambayo ukiivuta mpaka mwisho kabisa inaanza kulia tik tik na haitoki tena. Hiyo imetengenezwa hivyo kwa ajili ya kukazia kiti cha mtoto. Iache irudi yote ndani, itakaa sawa.

YENYE WAYA IHESHIMU

Mikanda mingi ya mbele ya magari ya karibuni ina waya na soketi, mara nyingi ya njano. Usiichukulie poa, ndani kuna baruti kidogo. Gari likigonga, kompyuta ya eabegi inailipua, na kabla hujafumba jicho utepe unavutwa kukubana kwenye kiti. Mercedes-Benz waliiweka kwenye gari lao la S-Class mwaka 1981, baadaye ikasambaa kwa wengine. Mingi pia ina chuma katikati ya roli kinachojisokota kidogo mzigo ukizidi, ili utepe ulegee taratibu usikuvunje mbavu.

Kwa muuzaji maana yake ni hii: ikishalipuka mara moja, imekwisha, haitengenezwi. Ambayo haijalipuka usiipime na tasta, usiifungue, usiiweke karibu na moto wala anapochomelea fundi. Wa kuifunga ni fundi anayejua, akiwa ametoa betri na kusubiri muda ambao kitabu cha gari kimesema. Na mikanda yote: usifungue upande wa springi. Inaruka, inakata vidole.

MKANDA ULIOCHOKA KURUDI

Wateja wengi wanakuja kununua wakati shida ni jasho na vumbi. Huku kwetu vumbi la kiangazi unalijua. Vuta utepe wote, ubane usirudi, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, futa, kausha kabisa kivulini ndipo urudishe. Futa na ile pete ya juu unapopita utepe, uchafu hukaa pale. Usitumie petroli wala jiki, zinadhoofisha nyuzi. Usimwagie oili kwenye kiboksi, oili inakamata vumbi, na gololi inanata. Ushauri huu ninautoa bure dukani, na walioupata bure ndio wanaorudi kununua breki pedi.

KWA NINI UHANGAIKE?

Gari likiwa kwenye 50 kwa saa, mwendo wa kawaida tu wa mjini, likigonga kitu likasimama, ni sawa na mtu kudondoka kutoka urefu wa kama mita 10. Ni mnazi mzima huo. Hakuna mkono wa kujizuia na dashibodi. Mkanda wa kupita begani na kiunoni ulibuniwa na Nils Bohlin, injinia wa Volvo kule Sweden, mwaka 1959, na kampuni ikaruhusu watengenezaji wengine wautumie. Kitu cha thamani vile kikaachiwa watu. Sisi tunaokiuza angalau tukiuze kizima.

Na soko lipo. Majirani zetu Kenya, Februari 2004, sheria za waziri John Michuki zilitaka kila matatu iwe na mikanda na kidhibiti mwendo cha kilomita 80. Matatu nyingi zilishindwa kuingia barabarani siku za mwanzo, watu wakatembea kwa miguu. Fikiria ungekuwa na duka la spea wiki ile. Lakini fikiria pia ungekuwa na stoo ya kamba kama ule mkanda wangu.

Yule mama nilimletea mkanda mwingine safari iliyofuata. Nikaupima mbele yake: wima ukaja, ubavu ukagoma. Nikamweleza kwa nini kugoma ni uzima. Akalipa elfu 30, akaniletea na mkungu wa ndizi. Baadaye akanitumia madereva wawili.

Ule mbovu sijautupa. Nimekata utepe wake asije akauokota mtu, nimekitundika kiboksi ukutani karibu na kaunta. Mteja akiuliza kile ni nini, namwekea na mzima mkononi, namwambia avute yote miwili mwenyewe.

Nenda kaangalie rafu yako leo. Kuna kitu unakiuza hujui kinavyofanya kazi. Muulize fundi mmoja kabla hujakipeleka chakavu, na kabla hujampa mtu akaondoka nacho.

Kazi njema, wadau.