Karabai, Oksijeni Baridi na Safari za Wanaanga

Kwa miaka mingi wavuvi wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, katika mwambao wa Ziwa Nyasa uliokuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga, waliwavuta usipa usiku kwa mwanga wa karabai. Ndani ya taa hiyo mafuta ya taa husukumwa kwa mgandamizo wa hewa, hugeuzwa mvuke kwa joto, kisha huungua kwa oksijeni iliyomo hewani. Mwanafunzi aielewaye karabai amekwisha elewa nusu ya roketi ya Falcon 9, kwani nayo huchoma mafuta ya taa, ila yaliyosafishwa zaidi. Lakini huko iendako hakuna hewa. Hapana budi ibebe oksijeni yake yenyewe, tena ya kimiminiko.

Oksijeni huchemka kwenye nyuzi 183 za Sentigredi chini ya sifuri. Mwaka 2015 kampuni ya SpaceX ya Marekani ilianza kurusha roketi ambazo oksijeni yake imepozwa hadi nyuzi 207 hivi chini ya sifuri. Kimiminiko kikipoa husinyaa, na hivyo tangi lenye ukubwa ule ule hupokea oksijeni nyingi zaidi.

Tatizo ni kwamba oksijeni hiyo huanza kupata joto mara iingiapo tangini, wala haingoji. Roketi hujazwa katika dakika 35 za mwisho. Zamani tangi lilijazwa kwanza, ndipo wanaanga wakapanda. Sasa hupanda kwanza, wakakaa juu ya roketi inayojazwa. Washauri wa shirika la NASA walilitilia shaka jambo hili, na kwa maoni yetu walikuwa na haki. Tarehe 1 Septemba, 2016, huko Cape Canaveral, Falcon 9 isiyo na watu ililipuka ikijazwa. Satelaiti ya Amos-6, iliyotarajiwa kueneza intaneti Afrika kusini mwa Sahara, iliteketea. Uchunguzi ulionyesha kuwa oksijeni ilinaswa katika mikunjo ya chupa za heliamu zilizomo tangini.

Chupa hizo zikaundwa upya. Aidha, injini nane za kukiponyoa chombo cha wanaanga hutayarishwa kabla ya kujaza kuanza. Tarehe 30 Mei, 2020, Doug Hurley na Bob Behnken walirushwa hivyo, wakafika Kituo cha Anga cha Kimataifa. Njia ya kituo hicho hupita mara kwa mara juu ya Ziwa Nyasa, kilomita 400 hivi kutoka ardhini. Punde baada ya magharibi, au kabla ya mapambazuko, huonekana kama nyota isiyomemeteka, ikilivuka anga kwa dakika chache.