Kesi ya mauaji Bariadi: kwa nini hakimu haimalizi?

Wadau, ndugu yako kashikwa kwa kesi ya mauaji, kila tarehe analetwa kwa hakimu pale Bariadi na kila tarehe inaahirishwa. Dhamana hakuna. Mtaani wanasema hakimu kala kitu kidogo. Ngoja kwanza! Hakimu yule kisheria hana mamlaka ya kuisikiliza, anasubiri upelelezi uishe aipeleke Mahakama Kuu.

Huko ndo kwa majaji. Hakimu huteuliwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama, jaji huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume hiyo. Ila jaji hateuliwi kuwa wa Shinyanga wala Bukoba, ni wa Bara nzima. Kituo anapangiwa na uongozi wa Mahakama na anaweza kuhamishwa. Mkoa wa Simiyu ulipozaliwa 2012 haukuja na Mahakama Kuu yake, ukabaki Kanda ya Shinyanga, ambako Jaji Mfawidhi ndiye anagawa majalada. Jaji akawa anazifuata kesi kwa vikao, na kikao bila fedha hakiitwi (mashahidi nao wanataka nauli). Wakati mwingine hakimu mkazi huongezewa mamlaka, akasikiliza yeye.

Kwa hiyo ukienda tarehe ijayo, muulize karani hivi: jalada limeshakwenda Mahakama Kuu, au bado upelelezi?